Baada ya benki kukataa: njia za halali za familia kupata nyumba

Ijumaa hii tumekusudia kuzungumzia jambo linalowakosesha usingizi wazazi wengi wa mji huu, nalo ni makazi. Hasa tunataka kusema na yule aliyekwenda benki kuomba mkopo wa nyumba akarudi mikono mitupu.

Tuchukue mfano wa familia moja. Hatumlengi mtu fulani, bali tunachora picha ambayo wengi watajiona ndani yake. Baba ana meza ya nguo Kariakoo. Mama hukaanga vitumbua na kuvipeleka Feri, Kivukoni, alfajiri wakati wavuvi wanateremsha samaki. Wanaishi na watoto wanne katika vyumba viwili vya kupanga, na kila baada ya miezi sita mwenye nyumba hutaka kodi yote kwa mkupuo. Siku moja wakapiga hesabu, wakaona kwamba fedha walizolipa kwa miaka kumi zingetosha kuinua boma. Baba akavaa vizuri, akashuka mpaka kwenye majengo marefu ya Kivukoni, akajaza fomu. Baada ya wiki tatu akaambiwa ombi lake halikukidhi vigezo.

Akiwa njiani kurudi, kabla hajafika Mnazi Mmoja, rafiki yake akampa namba ya simu ya mtu anayetoa fedha kwa dakika kumi bila maswali mengi. Hapo ndipo ilipo hatari, na hapo ndipo tunapoomba ndugu yetu asimame kidogo, avute pumzi, atusikilize.

Kukataliwa si aibu

Jambo la kwanza tunalotaka kulisema ni kwamba benki ikikataa haijamhukumu mtu kuwa hafai. Benki inakopesha fedha za watu wengine walioziweka amana, nayo ina vipimo vyake. Inataka kuona mapato yanayothibitika kwa maandishi, kama vile hati ya mshahara au taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa. Inataka hati ya ardhi isiyo na mgogoro. Inataka mwombaji awe na sehemu ya bei ya nyumba mkononi mwake. Tena huangalia kumbukumbu zake katika taasisi zinazokusanya taarifa za mikopo, ambako hata deni dogo la simu lililosahauliwa linaweza kuonekana.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kuzungusha mamilioni kwa mwezi na bado akashindwa vipimo hivyo, kwa sababu fedha zake hupita mkononi na hazipiti benki. Wengine wana nyumba ya urithi, lakini hati bado ina jina la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita, na mirathi haijafunguliwa. Hapo kosa si la benki. Ni letu sisi tuliofundishwa elimu ya faraidhi kisha tukaiacha vitabuni, hata warithi wakafika thelathini katika nyumba moja ya vyumba sita.

Jambo la pili ni kwamba soko lenyewe ni changa. Taifa letu lilikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1972, nayo ikafa mwaka 1995. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo mwananchi wa kawaida hakuwa na pa kwenda. Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria ya mikopo ya rehani za nyumba pamoja na sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC inayozipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo. Hata hivyo, riba ya mikopo ya nyumba imekuwa ikitajwa kuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka, na upungufu wa nyumba nchini umekuwa ukikadiriwa kufika milioni tatu. Katika hali hiyo, aliyekataliwa hayuko peke yake. Wengi zaidi hawajawahi hata kuomba.

Swali la riba

Kwa familia ya Kiislamu kuna kizuizi kingine kinachotangulia vigezo vyote vya benki, nacho ni riba. Aya za Suratul Baqara kuanzia ya 275 zimeweka mpaka baina ya biashara na riba, na onyo lake ni zito mno hata haifai kulichezea. Ni kweli kwamba wapo wanavyuoni waliotazama hali ya dharura. Mwaka 1999 Baraza la Fatwa na Utafiti la Ulaya liliwaruhusu Waislamu wa nchi za Magharibi kununua nyumba ya kuishi kwa mkopo wa benki, kwa masharti, pale wasipopata njia nyingine. Wanavyuoni wengine wengi walilipinga. Lakini hata walioruhusu walijenga hoja yao juu ya kukosekana kwa njia nyingine. Kwa hiyo sisi tulioko Dar es Salaam tunalazimika kujiuliza kwanza: je, njia nyingine hazipo?

Jawabu letu ni kwamba zipo, ingawa zinadai subira na uaminifu.

Mji huu umewahi kufanya

Kusaidiana kwa fedha si jambo geni hapa. Mama zetu wamecheza upatu tangu zamani, na wengi wetu tulisoma kwa fedha za mchezo. Mwezi wa Agosti mwaka 1946, ndugu zetu Waismailia walipoadhimisha jubilei ya almasi ya Aga Khan hapa Dar es Salaam, sadaka zilizokusanywa zilielekezwa katika mfuko wa kuwakopesha wanajamii wao na vyama vyao vya ushirika. Mfuko huo ndio chimbuko la benki ya leo ya Diamond Trust. Mabohora nao wana utaratibu wao wa qardhan hasana, yaani mkopo mwema usio na nyongeza, unaosimamiwa na jumuiya yenyewe. Jamii hizo hazikuwa na watu wengi. Zilikuwa na daftari, nidhamu na viongozi walioaminiwa.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya wenye maduka tu. Bandari ilipopanuliwa, familia nyingi za Kurasini zililazimika kuhama. Baadhi yao, wengi wakiwa wapangaji wa kipato cha chini, walikuwa wamejiunga katika vikundi vya kuweka akiba vya Shirikisho la Maskini wa Mijini, wakisaidiwa na shirika la CCI. Wakaunda chama cha ushirika cha nyumba cha Muungano, wakanunua ekari 30 Chamazi, wakafyatua matofali wenyewe, wakakopeshana kupitia mfuko wao, na kila familia ikaanza na nyumba ndogo inayoweza kuongezwa chumba baada ya chumba. Hakuna aliyepata jumba kwa siku moja, lakini watu ambao hakuna benki ingewafungulia mlango wakapata pa kulala pao wenyewe.

Milango iliyopo leo

Mlango wa kwanza ni SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Mwanachama hununua hisa, huweka akiba kila mwezi, na baada ya muda hukopa kwa kipimo cha akiba yake, mara nyingi hadi mara tatu. Dhamana kubwa ni akiba hiyo na wadhamini wanaomjua, wala si hati ya mshahara peke yake. Kwa familia inayojenga kidogo kidogo, mkopo wa namna hii hutosha msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao na bati mwaka wa tatu. Tahadhari yetu ni kwamba SACCOS nyingi hutoza riba kama benki. Muulize katibu waziwazi: nyongeza hii ni ya nini? Ikiwa ni ada ya uendeshaji inayolingana na gharama halisi, wanavyuoni wengi wameikubali. Ikiwa ni asilimia inayokua kwa kadiri muda unavyokwenda, basi jina limebadilika na riba imebaki.

Mlango wa pili ni vikundi vidogo vya kijamii, maarufu kama VICOBA. Mfano wake ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 na ukaenea hadi kwetu. Kikundi cha majirani au cha akina mama wa madrasa kinaweza kuamua tangu siku ya kwanza kwamba mikopo yake haitakuwa na nyongeza, na mfuko wake utakua kwa michango na kwa biashara ya pamoja. Fedha zake ni chache, lakini ndizo zinazolipia upimaji wa kiwanja au ada ya hati, na bila hati milango mingine haifunguki.

Mlango wa tatu ni taasisi zinazofuata sharia. Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi hiyo, na benki nyingine kadhaa zimefungua madirisha ya Kiislamu, ikiwamo KCB mwaka 2008, NBC mwaka 2010 na CRDB mwaka 2021. Aliyekataliwa na benki moja asidhani amekataliwa na zote, kwani kila moja ina vipimo vyake. Huko atasikia neno murabaha. Maana yake ni kwamba benki hununua bidhaa, ikaimiliki, kisha ikamuuzia mteja kwa bei inayojulikana na kwa malipo ya kidogo kidogo. Mathalani, benki inanunua saruji, nondo na bati za shilingi milioni 12, inakuuzia kwa milioni 14 na laki nne, nawe unalipa laki sita kwa mwezi kwa miezi 24. Ukichelewa, bei haipandi. Lakini ikiwa umepewa fedha taslimu mkononi na hakuna bidhaa iliyonunuliwa, usidanganywe na jina.

Mlango wa nne ni ushirika wa kiwanja, nao Kariakoo wanaujua sana. Mwenye nyumba ya zamani ya vyumba sita hutoa kiwanja, mwenye mtaji hujenga ghorofa, kisha hugawana sakafu. Asili ya mapatano haya ni njema, lakini familia nyingi zimejuta kwa kutia saini karatasi wasiyoielewa. Tena tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Msiba huo utukumbushe kwamba kibali cha ujenzi na mhandisi aliyesajiliwa si mapambo. Ni amana ya roho za watu.

Hesabu ya kushirikiana

Kwa kununua nyumba iliyokwisha kujengwa, njia wanayoisifu wanavyuoni wengi wa zama hizi ni ushirika unaopungua, au musharaka mutanaqisa. Tuieleze kwa hesabu nyepesi. Nyumba inauzwa shilingi milioni 40. Familia ina milioni 10, mfadhili anatoa milioni 30. Familia inamiliki robo, mfadhili robo tatu. Wanakubaliana kwamba kodi ya haki ya nyumba hiyo ni shilingi laki tatu kwa mwezi, na kwamba familia itanunua fungu la mfadhili kwa miaka kumi, yaani shilingi 250,000 kila mwezi.

Mwezi wa kwanza familia italipa 250,000 za kununua fungu na 225,000 za kodi ya robo tatu isiyo yake, jumla 475,000. Baada ya miaka mitano fungu la mfadhili litakuwa limeshuka hadi milioni 15, na kodi yake itakuwa 112,500, hivyo malipo ya mwezi yatakuwa 362,500. Mwezi wa mwisho kodi haifiki hata shilingi elfu mbili. Tofauti na riba ni kwamba mfadhili ni mmiliki kwelikweli. Nyumba ikiungua, hasara huliwa na wote wawili kwa mafungu yao. Hicho ndicho kipimo ambacho kila mzazi anaweza kukitumia: je, anayenipa fedha anabeba hatari yoyote, au hatari yote nimeachiwa mimi?

Waislamu wa Toronto, Kanada, walianza kununua nyumba kwa msingi wa ushirika tangu mwaka 1981 kupitia chama walichokiita Islamic Co-operative Housing Corporation. Wanachama wenye akiba walinunua hisa, na fedha hizo zikatumika kununua nyumba pamoja na wanachama wasio na nyumba. Kama wahamiaji waliweza katika nchi ya ugeni, sisi wenyeji hatuna udhuru mkubwa.

Tahadhari kabla ya kutia saini

Turudi sasa kwa ile namba ya simu. Mikopo ya haraka, ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, imevunja ndoa na kuuza vitanda vya watu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni au usajili: wakopeshaji binafsi na kampuni kwa Benki Kuu, SACCOS kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi vya kijamii kwa halmashauri. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila idhini. Basi kabla ya kutoa kitambulisho chako, omba kuona leseni. Mwenye haki hataona vibaya.

Tujihadhari pia na wanaoahidi mavuno makubwa kwa wanaotangulia. Hatujasahau DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009 baada ya maelfu ya watu kupanda fedha zao humo. Chama cha kweli hakiahidi kuzalisha fedha kwa miujiza. Huonyesha hesabu kila mwaka mbele ya wanachama.

Jambo jingine ni mke, na tunalisema hili kwa akina baba. Nyumba ya familia haiwekwi rehani kwa siri. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi, na penye wake zaidi ya mmoja suala hilo linawagusa wote. Hata kama sheria isingesema, je, ni ihsani gani hiyo ya kumweka mama wa watoto wako katika hatari ya kutolewa nje bila yeye kujua?

Tena tuandikishane. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Inashangaza kwamba umma uliopewa agizo hilo bado unakopeshana kwa maneno matupu barazani, kisha ndugu wakaacha kusalimiana. Na aya ya 280 inamwelekeza anayedai kumpa muda mwenye dhiki. Mkataba mwema uyabebe yote mawili: maandishi yanayofunga, na kifungu kinachosema nini kitafanyika mdaiwa akiugua au biashara ikiungua.

Wajibu wa misikiti yetu

Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Mit Ghamr nchini Misri, ilianzishwa benki ya akiba isiyo na riba kwa ajili ya wakulima na watu wadogo. Iliishi miaka michache tu, lakini ilithibitisha kwamba masikini wanaweza kuweka na kukopeshana. Swali letu kwa kamati za misikiti ya Kariakoo, Kivukoni, Ilala na kwingineko ni hili: kila Ijumaa tunachangia zulia, feni na spika. Je, hatuwezi kutenga sehemu ndogo kwa mfuko wa qardhan hasana, wenye usajili, wakaguzi na orodha inayobandikwa ukutani? Mfuko huo hautajenga nyumba nzima. Lakini unaweza kumlipia mjane gharama za kufungua mirathi, au kumtoa kijana katika kodi ya miezi sita ili akanunue kiwanja. Wenye uwezo miongoni mwetu wajue kwamba mkopo mwema hurejea na kumsaidia mwingine.

Na ile familia yetu ya mfano ifanye nini kesho? Iombe benki iieleze sababu ya kukataliwa. Ianze kupitisha mauzo ya meza ya nguo katika akaunti, hata kama ni kidogo. Kama kuna nyumba ya urithi, ifungue mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Kama kuna kiwanja kisichopimwa, iende Serikali ya Mtaa kuulizia leseni ya makazi au urasimishaji. Ijiunge na chama kimoja kinachoaminika na kuweka akiba bila kuruka mwezi. Na ile namba ya simu iifute.

Safari hiyo inaweza kuchukua miaka mitano au kumi. Lakini nyumba iliyoinuliwa tofali kwa tofali kwa mali ya halali ni bora kuliko ghorofa ambalo mwenyewe hulala akisikiliza mlango utagongwa na nani. Haba na haba hujaza kibaba, na penye nia pana njia.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape makazi mema wasio nayo, awaondolee madeni wenye kudaiwa, na atupe wenye uwezo mikono ya kutoa. Amin. Wallahu a'alam.